Msisingizie baridi, angalieni soketi kwanza

Mhariri,

Salaam kutoka Winnipeg, Kanada. Leo asubuhi huku tumeamka na nyuzi 29 chini ya sifuri, naandika hii miguu iko juu ya hita, kwa hiyo nikiropoka mnisamehe.

Kuna msomaji mwenzetu aliandika kwenye ukurasa wenu wa barua kwamba gari za umeme ni utapeli mtupu, zikiona baridi zinakufa, na ushahidi wake ni zile picha za Chicago za Januari 2024, magari yamepanga foleni kwenye vituo vya kuchajia mengine yanavutwa na breakdown. Simlaumu, picha zile hata mi zilinitisha na gari yangu ilikuwa nje hapo hapo. Ila amesoma nusu ya habari. Wengi waliokwama kwenye zile foleni ni watu wanaotegemea vituo vya barabarani, wanafika pale betri imeganda na imebaki na asilimia mbili tatu, sasa betri iliyoganda hata uipe umeme wa namna gani inakunywa kwa kijiko. Halafu Norwei, ambako baridi wanaijua vizuri tu, mwaka huo huo wa 2024 karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Yangekuwa yanakufa njiani tungesikia.

Tofauti kubwa ni kuchaji nyumbani. Na hapo ndo nina la kusema, kwa sababu kuchaji nyumbani nako kuna mambo yake, na karibu yote nimeyajua kwa kuumia. Huu ni msimu wangu wa tatu wa baridi na gari ya umeme. Nimeshawahi kulaani gari, nikalaani betri, nikalaani chaja, nikalaani Kanada nzima, kumbe mkosaji alikuwa skrubu.

Nianze mwanzo. Msimu wa kwanza sikuwa na chaja ya maana, nilikuwa natumia ule waya uliokuja na gari, unachomeka kwenye soketi ya kawaida ya volti 120. Kila nyumba huku ina soketi ya nje kwa sababu magari ya petroli yenyewe yanachomekwa usiku kupasha injini, utaona gari zinatembea mjini na kiplagi kinaning'inia mbele kama ulimi. Nikasema basi, na mi si nachomeka tu. Usiku mmoja wa nyuzi hasi 33 nikachomeka betri ikiwa asilimia 41. Asubuhi naamka nakuta 42. Usiku mzima, Mhariri, asilimia moja! Nikapiga simu pale niliponunua gari nikaongea maneno ambayo sitayaandika hapa.

Baadae ndo nikaelewa. Soketi ile inatoa ampea 12 kwa volti 120, piga hesabu ni kama wati 1440, yaani nguvu ya birika la umeme la kuchemshia chai. Sasa betri ya lithiamu ikiwa chini ya sifuri ukiilazimisha kupokea umeme mwingi, lithiamu inajipaka juu ya bamba badala ya kuingia ndani yake, na ile nafasi ya kutunza umeme ukishaipoteza hairudi. Gari inajua hilo, kwa hiyo inachukua umeme kwanza inapasha betri, kinachobaki ndo inachaji. Birika langu lote lilikuwa linaishia kwenye kupasha. Hakuna kilichoharibika, gari ilikuwa inajilinda tu na mi namtukana muuzaji.

Rafiki yangu mmoja nesi anakaa kwenye ghorofa za kupanga, yeye yake ilikuwa inachaji nusu saa inazima, nusu saa inawaka, inazima. Akabadilisha waya, akaipeleka gari karakana mara mbili. Kumbe zile soketi za maegesho yao zimewekewa taima ya kuwasha na kuzima zenyewe ili kubana umeme, maana kupasha injini ya petroli hakuhitaji umeme usiku kucha. Hakuna aliyemwambia. Kwa hiyo kama unachajia kwenye maegesho ya watu, muulize mwenye nyumba hilo swali kabla hujaita fundi.

Msimu wa kwanza ulipoisha, kabla ya kiangazi, nikaweka chaja ya kweli, volti 240 ampea 32, kwenye gereji yetu iliyo nyuma ya nyumba upande wa kichochoro. Gereji haina joto, ni ukuta wa mbao tu na paa. Kwa ampea 32 breka inatakiwa iwe ya 40 kwenda juu, kwa sababu mzigo wa masaa mengi mfululizo hautakiwi kuvuka asilimia 80 ya breka. Hilo nililijua. Fundi nilimpata kwa bei rahisi, akamaliza kwa masaa mawili, akaondoka anapiga mluzi. Mkumbukeni huyo fundi, atarudi kwenye hadithi.

Msimu wa pili ulipofika, tatizo la kwanza likawa barafu. Theluji inayeyuka kidogo mchana gari ikiwa juani, maji yanaingia kwenye tundu la kuchajia, usiku yanaganda. Unachomeka kichwa cha chaja kinaingia lakini hakilii "klik", taa ya chaja inabaki kijani tu kama hakuna gari. Unasukuma, unapiga na kiganja, wapi. Na siku nyingine inakuwa kinyume, kimeingia kimechaji vizuri asubuhi hakitoki, kile kipini cha kufungia kimeganda humo humo na wewe zamu yako inaanza saa moja.

Kwa wasiojua, pale ndani pamoja na zile pini nene za umeme na ya ethi kuna pini mbili nyembamba. Moja kazi yake kuiambia gari kwamba kichwa kimekaa sawasawa. Nyingine ndo ya mazungumzo. Chaja inapiga hodi kwa volti 12, gari ikichomekwa inaishusha mpaka 9, yaani "nani mwenzangu", ikiwa tayari kupokea inaishusha mpaka 6, yaani "karibu ndani", na hapo ndipo umeme mkubwa unafunguliwa. Bila hizo salamu hakuna kitu. Kwa hiyo kipande cha barafu kama punje ya mchele kikikaa chini ya ndoano ya kichwa, salamu hazikamiliki, na wewe unadhani chaja imeungua.

Na mi nilifanya kosa ambalo nahisi kila Mswahili angefanya, nilikwenda ndani nikachemsha maji. Nikamwagia. Ikaachia hapo hapo, nikajiona mjanja kweli, nikachaji. Kesho yake tundu lote lilikuwa kipande kimoja cha barafu, maji yangu yale yale yamekwenda kuganda ndani zaidi. Msimwage maji. Kinachofanya kazi ni kuwasha joto la gari kutoka kwenye simu dakika ishirini hivi, halafu funga na fungua milango mara mbili tatu na rimoti kipini kicheze, ikigoma chukua ile mashine ya kukaushia nywele iweke kwenye joto dogo. Kuna spiriti ya kuyeyushia barafu pia, unapulizia kidogo sana, umeme ukiwa umezimwa. Na gari nyingi zina kamba ndogo ndani ya buti ya kufungulia kichwa kwa mkono, isome kwenye kitabu cha gari leo ukiwa na joto, usisubiri siku uko nje vidole vinakataa kukunja.

Kukinga ni rahisi kuliko hayo yote. Kichwa kikiwa hakitumiki kitundike kinaangalia chini. Gari ikichaji nje, mke wangu aliishonea kifuniko kwa kipande cha koti la mvua la mtoto, kinafunika kichwa na tundu kwa pamoja. Majirani walicheka mwezi mmoja, mwezi wa pili wakaja kuuliza vipimo. Na waya usiuache chini kwenye theluji, ukishaganda unakakamaa kama muwa, ukiuvuta kwa nguvu uzito wote unakwenda kwenye kichwa na kwenye plagi ukutani.

Plagi ukutani. Ndiyo, tumefika.

Januari ya mwaka jana chaja ikaanza vituko. Jioni inaanza vizuri ampea 32, saa sita usiku nikiangalia kwenye simu iko 16. Asubuhi gari haijajaa. Baada ya wiki ikawa inakata kabisa na taa nyekundu inapepesa, nikizima breka dakika moja nikawasha inarudi, masaa mawili inakata tena. Kila niliyemuuliza jibu ni moja: baridi. Jirani yangu wa Uvira, kule Kongo, akawa ananitania kila asubuhi, "Ndugu, motokari yako imelala njaa tena?" Nami nikaamini ni baridi, maana chini ya chaja imeandikwa kabisa mwisho wake ni hasi 30 na sisi tulikuwa tunacheza na hasi 27, hasi 28. Nikaanza kutafuta chaja mpya, dola mia saba na ushee.

(Hapa katikati kulikuwa na vurugu nyingine iliyonichanganya zaidi. Mke wangu alijaribu kunisaidia, akaweka kwenye gari ratiba ianze kuchaji saa tano. Yeye alimaanisha saa tano yetu ya usiku. Gari ikaelewa 5 ya Kizungu, alfajiri. Mi naondoka kumi na mbili. Siku mbili tulitafuta ugonjwa ambao haupo. Na ukiweka ratiba kwenye gari halafu nyingine kwenye chaja ndo balaa, kila mmoja anamsubiri mwenzake. Weka sehemu moja tu.)

Aliyeniokoa ni fundi wa Kifilipino ninayefanya naye kazi ghalani, huko kwao alikuwa fundi umeme na huku ana leseni, anafanya wikiendi. Hakuja na kifaa chochote cha ajabu. Aliniambia washa chaja iache ivute saa nzima halafu uweke kiganja juu ya plagi. Nikaweka. Mhariri, kwenye ile gereji ndoo ya maji ya kudekia ilikuwa imeganda mpaka imepasuka, pumzi zetu zinatoka moshi, na plagi ilikuwa ya moto kama kikombe cha chai. Akaniuliza, "Hiyo nayo ni baridi?"

Akazima breka, akapima na tesita kuhakikisha hakuna umeme, akaichomoa plagi. Pini moja ilikuwa imebadilika rangi, ya kahawia ya zambarau hivi. Akafungua soketi. Ganda la waya karibu na skrubu limekauka na kuwa jeusi, linavunjika kama gamba la karanga, na ile harufu ya plastiki iliyoungua ambayo ukishainusa mara moja huisahau. Akaweka bisibisi kwenye skrubu ikazunguka karibu duara zima kabla haijaanza kushika. Yule bwana wa mluzi hakuikaza.

Akanipa hesabu pale pale kwa penseli juu ya boksi. Ampea 32 zikipita mahali palipolegea, tuseme ukinzani wa omu 0.1 tu, kitu ambacho hukioni kwa macho: 32 mara 32 mara 0.1, unapata wati 102. Ni sawa na balbu ya wati mia, zile za zamani za moto, umeifungia ndani ya soketi na inawaka masaa kumi kila usiku. Chaja yangu ina kifaa cha kuhisi joto kwenye plagi, ikaona inachemka ikapunguza mpaka 16, ikaona bado ikakata. Yaani kile nilichoita ubovu ndo kilichozuia gereji isiungue na mbao zake. Na mi nilikuwa nazima breka na kuwasha tena kila masaa mawili, nailazimisha chaja iendelee. Nikikumbuka hilo usingizi unapaa.

Nikamuuliza kwa nini basi kiangazi chote haikusumbua. Akasema kiangazi gari ilikuwa inachaji masaa mawili matatu inajaa, wakati wa baridi inakula zaidi, kupasha betri, kupasha watu, kwa hiyo inachaji masaa nane, kumi. Na chuma kikipata moto kinatanuka, gereji ya hasi 28 ikikipoza kinasinyaa, kila usiku hivyo hivyo, skrubu iliyolegea kidogo inazidi kulegea. Kwa hiyo baridi ilihusika, sikatai. Ila ilifukua tu kosa ambalo lilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Jambo jingine alilonionyesha, soketi yenyewe ilikuwa ile ya bei chee ya kuchomekea jiko la umeme. Jiko unalichomeka mara moja miaka kumi hulichomoi, na unapika saa moja. Gari inavuta usiku kucha bila kupumua. Kuna soketi za aina hiyo hiyo za kiwandani, nzito, bei yake mara nne mara tano, na kwa gari ndo zinatakiwa. Mi sikutaka tena habari ya plagi kabisa, tukachukua kibali akaiunga chaja moja kwa moja na waya, na skrubu akazikaza kwa bisibisi ya kupimia, ile inayolia ikifika kiwango kilichoandikwa kwenye kifaa. Tangu siku hiyo mpaka leo naandika, ampea 32 kuanzia jioni mpaka asubuhi, na tumeshapita hasi 35.

Sasa nikimsikia mtu anasema chaja imekufa kwa baridi namuuliza volti. Baadhi ya gari zinaonyesha volti na ampea kwenye skrini wakati wa kuchaji. Angalia volti mzigo ukiwa mdogo, halafu angalia zikifika ampea zote. Yangu ilikuwa inatoka 240 inaanguka 231, volti 9 zinapotea njiani, mara ampea 32 ni karibu wati 290 za joto kwenye nyaya na soketi. Baada ya matengenezo inatoka 240 inakaa 236. Ikishuka zaidi ya 7 hivi mi ningeita fundi. Kama volti ziko sawa ila ampea ndogo, angalia kama gari imeandika inapasha betri, hapo vumilia tu nusu saa, saa nzima, na kesho yake ichomeke mara tu unapofika nyumbani betri ikiwa bado na joto la safari. Kama volti hakuna kabisa na chaja haina hata taa, breka. Kama taa ni ya kijani na gari inajifanya haijui, barafu kwenye kichwa. Plagi ya moto usijadiliane nayo, zima, na usiifungue mwenyewe kama si fundi, volti 240 hazina utani.

Najua wasomaji wako wengi wako Dar, Mombasa, Nairobi, watasema yanatuhusu nini, sisi theluji tunaionea juu ya Kilimanjaro. Lakini hizo gari za umeme za Nissan Leaf kuukuu kutoka Japani zimeshaanza kuonekana huko, na najua mtu atachajia wapi: plagi ya pini tatu ya ampea 13, kwenye ekstensheni iliyozungushwa kama chapati, imepitishwa dirishani. Masaa kumi. Skrubu zetu za nyumbani nazo tunazijua zilivyokazwa. Huko hamna hata baridi ya kusingizia. Mhariri, kama una fundi umeme anayeweza kuandikia gazeti hata nusu ukurasa juu ya hili, mtafute kabla hamjaweka tena picha za Chicago.

Ile soketi iliyoungua sijaitupa. Iko kwenye kopo la kahawa juu ya friji, mgeni akikaa tu akaanza habari za gari yako na baridi, mke wangu anakwenda kuileta kabla hata ya chai.

Msomaji wenu,
Winnipeg, Manitoba, Kanada